Kabla ya Saa Kumi

Shati huanzia kwenye kola. Dobi aliwafundisha hivyo wasichana wote waliopita kwenye chumba chake cha kupigia pasi: kola, mabega, mikono, kisha mgongo, na mbele iwe mwisho, maana mbele ndiko watu wanakotazama. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kitindamimba wa mama yake, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeuzoea moto hata zikaacha kumwambia lolote.

Figo zote mbili za kaka yake zilipogoma, ndugu walikutana sebuleni kwa shangazi. Majibu ya vipimo yalikuwa yametoka: aliyelingana naye ni Dobi. Shangazi akamshukuru Mungu, binamu akachukua jukumu la viza, na kiwanja cha marehemu baba kikatafutiwa mnunuzi, kwa sababu hospitali ya nje ya nchi itakayompandikiza figo ilitaka kulipwa yote kabla ya kumpokea mgonjwa. Dobi alikuwa jikoni akisuuza vikombe. Aliporudi sebuleni walikuwa wamefika kwenye habari ya masweta ya baridi ya huko.

Huko walikokwenda, kila mmoja alipewa chumba chake. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi na mashine, mikunjo imenyooka kama rula. Kaka, fundi wa kuchomelea mageti, miguu ilikuwa imemvimba lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Usikizoee hicho kitanda, Kitinda," alimwambia. "Tukirudi kwetu utakilaani kile chako."

Akacheka peke yake.

Siku moja kabla ya upasuaji, muuguzi alimwita Dobi kwenye chumba kidogo na kufunga mlango. Daktari, mama mmoja mwenye mvi, aliweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu. Ndani yake alikuwamo mkalimani, mwanamke asiyeonekana, anayeongea kama jirani. Kupitia kwake daktari alieleza kuwa sheria inamtaka amuulize mtoaji akiwa peke yake: je, anataka kutoa figo? Kisha mkalimani akashusha sauti, kama daktari alivyoshusha yake.

"Anasema ukikataa, watawaambia ndugu zako vipimo vya mwisho vimekataa. Hakuna atakayejua, hata kaka yako."

Dobi aliitazama simu. Aliitafuta hofu, hakuiona. Aliitafuta hasira, nayo haikuwepo. Ndani palikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa. Jibu la shangazi alilijua, la binamu pia. La kwake hakuwahi kulitafuta. Akaomba muda, wakampa mpaka saa kumi.

Alimkuta kaka akitazama televisheni iliyozimwa sauti.

"Kaka, hujaniomba."

"Nikuombe nini?"

"Figo."

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si tumeshafika, mdogo wangu? Kiwanja kimeuzwa. Unataka nipige magoti, na miguu hii?"

"Magoti sitaki. Niombe tu."

Kaka alianza mzaha mwingine, ukamfia mdomoni. Akavuta shuka, akainyoosha palipokuwa pamenyooka tayari. Kwenye televisheni mtu alikuwa akipika kitu kwa mbwembwe nyingi.

"Ningekuomba, ungeweza kusema hapana," alisema mwishowe. "Ndiyo maana sikuomba. Niliwaachia wao." Akaiachia shuka. "Nakuomba, Kitinda. Nipe."

Dobi alisimama akingoja kitu kiamke ndani yake. Hakikuamka. Aliona tu kwamba kaka hamtazami usoni, na kwamba masikio yake yamekonda. Akamwekea rimoti karibu na mkono, akatoka.

Safari hii mkalimani alikuwa mwanamume, sauti yake imechoka, naye akaanza maswali upya. Dobi akajibu ndiyo. Akaulizwa kama kuna mtu amemlazimisha.

"Hapana," alisema. "Nimeombwa."

Simu ikatafsiri. Daktari akaandika, akasogeza karatasi, akamwonyesha pa kusaini kwa ncha ya kalamu. Kisha akamwambia asile chochote kuanzia saa nne usiku.