Mama Kuluthum na Foleni ya K

Siku ya kwanza Kipkemei kumwona Mama Kuluthum ilikuwa Jumatatu ya matope, na alidhani ni mtu wa kuuza vitabu vya dini. Mama huyo alishuka kwenye pikipiki mbele ya stoo ya viazi pale Keringet, buibui jeusi amelikunja hadi magotini, na chini yake amevaa gambuti za kiume. Kifuani alikuwa amekumbatia boksi lililofunikwa kwa gunia la plastiki. Alisimama kwanza akitafuta pumzi, kisha akauliza kama yeye ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi.

"Ni mimi," Kipkemei alisema, na hakuongeza neno.

Kuongeza maneno hakukuwa desturi yake. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, masomo yaliishia darasa la saba, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akilinda stoo ya ushirika pamoja na ukumbi ulio ubavuni mwake. Msaidizi wa chifu alipotafuta mtu wa kumtembeza mgeni kwa siku tano, alimteua yeye papo hapo. Alisema Kipkemei anajua vijia vyote, na tena hatamchosha mama wa watu kwa mazungumzo.

Mama Kuluthum alitoka Nakuru mjini, mtaa wa Bondeni. Shirika moja dogo lilikuwa limemtuma kukusanya maoni ya wananchi: uchaguzi uliopita walipigaje kura, matangazo yaliwafikiaje, nini kiliwasumbua, na nini kibadilishwe kabla ya uchaguzi ujao. Alikuwa ameshapita Lanet, ameshapita Naivasha kwenye mashamba ya maua, na Keringet ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ijumaa kungekuwa na mkutano ukumbini. Jumamosi fomu zilitakiwa zifike Nakuru, zipelekwe ofisi ya uchaguzi.

Walianza Jumanne asubuhi. Nyumba ya kwanza walipewa chai, na mwenye nyumba, akiwa ameketi wima kama anayepigwa picha, alisema uchaguzi ulikuwa sawa tu. Nyumba ya pili ulikuwa sawa tu. Ya tatu ulikuwa sawa, ya nne pia, na ya tano mwanamke alijibu akiwa bado shambani, bila kuinua mgongo: "Sisi hatuna shida, mama. Andika tu sawa."

Mama Kuluthum aliandika sawa.

Kipkemei alijua kwa nini. Upande ule wa Kuresoi kuna familia zilizowahi kuacha nyumba na mahindi shambani kwa sababu ya maneno ya kura. Mtu akija na kalamu kukuuliza habari za uchaguzi, hata akiwa na uso mpole namna gani, unampa jibu lisiloweza kukurudia.

Jioni ya Jumatano walikuwa na fomu arobaini na moja, zote sawa. Mvua iliwarudisha stoo mapema. Mama Kuluthum aliswali juu ya gunia safi ambalo Kipkemei alimkung'utia, katikati ya viazi, kisha akaketi kwenye kreti akavua gambuti. Miguu ilikuwa imevimba. Aliitazama kama mtu anayetazama mizigo ya mtu mwingine.

"Mzee Kipkemei," alisema, "hebu niambie kitu kimoja. Siku ile ya kura watu wa hapa walitoka nyumbani?"

"Walitoka. Barabara ilijaa."

"Basi walienda wapi? Maana kituo chenu kimeandikisha watu wengi, na kura zilizohesabiwa ni chache kuliko vituo vyote vya jirani. Walifika kwenye geti. Kwenye sanduku hawakufika. Hapo katikati palikuwa na nini?"

Kipkemei aliokota kiazi kilichooza, akaenda kukitupa nje, akakaa huko nje kidogo.

Aliporudi, Mama Kuluthum aliendelea kuzungumza, labda kwa kuwa uchovu humlegeza mtu ulimi. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka Pwani, na tangu hapo hakuna aliyerudi, ingawa kila anakoenda bara huitwa mama wa Pwani. Marehemu mumewe, Jalal, alikuwa fundi wa magari. Binti yao Najwa yuko Naivasha, na kila wiki humpigia simu kumwambia aache kazi hizi za kutembea. Mama Kuluthum mwenyewe aliwahi kuwa karani wa kituo cha kura huko Lanet, chaguzi tatu mfululizo. Katika ule wa tatu alikuja bibi mmoja mezani, amepanga foleni tangu alfajiri. Jina halikuwa kwenye orodha ya chumba kile. Alimwelekeza chumba cha pili, mwanzo wa foleni nyingine.

"Nilimwambia kwa adabu," alisema. "Akasema asante mwanangu. Nikamwona kwa dirisha, akapita foleni, akapita geti, akaenda zake. Sikuweza kutoka kumfuata, kazi ilikuwa mezani. Sijui hata jina lake lilikuwa la chumba gani."

Akavaa gambuti tena, polepole, mguu mmoja mmoja.

"Ninachotaka ni kidogo. Orodha ya majina ibandikwe kwenye ua, kwa herufi kubwa, wiki nzima kabla. Redio ya lugha yenu itangaze. Na mtu mmoja asimame getini asome vitambulisho, amwambie kila mtu laini yake. Lakini ofisi haiwezi kubadilisha kitu kwa neno sawa. Nikipeleka hizi, wataniambia Keringet hakuna tatizo, na uchaguzi ujao itakuwa vile vile."

Kipkemei alisema ni kweli. Usingizi siku hiyo ulimpa shida, kwa maana palipokuwa katikati ya geti na sanduku yeye alipajua vizuri.

Siku ile ya kura alifika shuleni, penye kituo, saa kumi na mbili asubuhi. Kulikuwa na vyumba vitatu, na foleni zilifuata herufi ya jina la kwanza kwenye kitambulisho. Tangazo lilikuwepo, karatasi moja mlangoni, ndani ya geti, migongo ya mamia ya watu ikiliziba. Yeye aliona watu wanaomfahamu wamesimama kwenye K, Kipngeno, Kimutai, nusu ya wanaume wa Keringet, naye akasimama hapo. Tangu azaliwe ameitwa Kipkemei. Alifika mezani saa tano na nusu. Karani akakitazama kitambulisho, akasema, "Wewe ni Wilson. Nenda W, chumba cha mwisho."

Wilson ni jina alilobatizwa, na hakuna mtu amewahi kumwita hivyo isipokuwa padri, mara moja. Foleni ya chumba cha mwisho ilikuwa imezunguka madarasa ikarudi hadi vyooni. Watu walikuwa wanamtazama. Aliona haya hata kuuliza kama kuna njia nyingine. Akarudi nyumbani kwa kijia cha nyuma.

Kosa la pili alilifanya zizini. Huko Keringet siku ya kura kila mtu huonyesha kidole, dukani, njiani, kanisani Jumapili, na asiye na wino huulizwa yuko upande gani. Kipkemei alikuwa na chupa ya dawa ya zambarau anayowapaka kondoo kwenye kwato. Alichovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mkewe Jepkoech alikitazama jioni, akasema wino wa mwaka huu ni mkali. Tangu hapo lile jambo lilikaa kifuani mwake kama mfupa.

Alhamisi walizunguka tena. Fomu zikafika sitini na nne. Mama Kuluthum hakuwa tena anauliza kwa sauti ile ya kwanza, alikuwa anasoma maswali kama mtu anayesoma bei za dukani.

Ijumaa ukumbi ulijaa, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na kulikuwa na mvua. Msaidizi wa chifu aliketi mbele na fimbo yake mapajani. Mama Kuluthum alieleza yote, taratibu, akauliza kama kuna yeyote aliyefika kituoni akarudi bila kupiga kura, na kwa sababu gani.

Kisha Kipngeno, mwenye duka la pembejeo na mdomo usiolala, akainuka.

"Mama, hapa wanaume wote ni K. Ukiita K, hata mbwa yangu itakuja kwa laini."

Watu wakacheka. Hata msaidizi wa chifu alicheka. Mama Kuluthum alitabasamu, akangoja, na lilipokosekana jibu lingine akashukuru, akaanza kupanga fomu ndani ya boksi. Kipkemei alikuwa mlangoni na ufunguo. Alimwona anavyoegemea meza kwa kiganja ili goti lisimwangushe. Watu hawakuondoka, mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Alijua kwamba mvua ikikatika, jambo limekwisha.

"Mimi sikupiga," alisema.

Hakuna aliyesikia ila waliokuwa karibu. Jepkoech, aliyekuwa benchi la nyuma, aligeuka. Akasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mimi sikupiga kura. Nilisimama kwa K mpaka saa tano na nusu, nikaambiwa mimi ni Wilson. Laini ya Wilson ilikuwa mwisho kabisa. Nikarudi nyumbani."

"Na ile wino?" Kipngeno akauliza. "Si nilikuona na wino, boss? Ulinionyesha kidole kwa duka."

"Ilikuwa dawa ya kondoo."

Kicheko kilichoinuka kilimfanya atazame chini, kwenye matope ya viatu vyake.

"Kumbe ulipiga kura kwa chama ya kondoo," Kipngeno alisema, na watu wakazidi.

Hapo ndipo Jemutai, kikongwe ambaye wote humwita kogo kama nyanya wa nyumba zote, alipogonga mkongojo sakafuni.

"Na wewe Kipngeno, ulipiga saa ngapi? Saa sita nilikukuta kwa duka yako, umefungua, unauza mbolea. Mimi nilikuwa natoka kule. Niliambiwa mimi ni Esther. Miguu yangu ilikataa kuwa Esther."

Kicheko kilipungua kidogo kidogo. Kipngeno alijikuna shingo.

"Walinituma chumba ingine," alisema. "Nikaona ni mbali."

Msaidizi wa chifu alitazama dirishani. Mama Kuluthum alitoa fomu mpya, akaketi, akafungua kalamu. Kipkemei alikuwa wa kwanza mezani. Aliandika majina yake yote mawili. Akafuata kogo Jemutai, akaweka kidole gumba. Wengine wanne walijitokeza, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitazama nyuma kwanza. Kipngeno alikuja mwisho, akasema kwa sauti ya chini aandikiwe haraka ana mteja.

Walikuwa saba. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mia, na Kipkemei alijua wengine wengi waliokuwa kwenye foleni ile ya K, akawaona wakitoka mmoja mmoja mvua ilipopungua, bila kugeuka. Jepkoech alimpita mlangoni, akasimama, akamtengenezea kola ya koti, akaenda.

Pikipiki ilikuja kabla mvua haijaisha kabisa. Kipkemei alilifunga boksi kwa kamba za magunia, akamsaidia Mama Kuluthum kupanda. Alitaka kumshukuru, au kumwomba msamaha kwa zile siku tatu za kutembea naye akiwa kimya, lakini hakupata maneno ya lolote kati ya hayo. Hajamwona tena tangu hapo, wala ofisi haijatuma jibu Keringet. Alichoweza kuuliza siku hiyo ni kimoja tu.

"Saba itatosha, mama? Watabadilisha?"

Mama Kuluthum alikuwa anavuta buibui lisiingie kwenye gurudumu. Uso wake ulikuwa umechoka hata macho yalikuwa madogo.

"Sijui, mzee. Mimi kazi yangu ni kupeleka, na hizi saba nitaziweka juu ya zile nyingine, wazione kwanza. Rudi ndani, unalowa."