Safari ya Kufuata Pumba Mwenge

Mie binti Mwinyimvua, mjane mwenye vitukuu wawili, nilipanda nyuma ya baiskeli ya shemeji yangu kutoka Mbagala mpaka Mwenge kwa sababu ya vitumbua. Nasema mapema, maana mtaani yalisemwa mengi.

Mwaka ule maduka yalikuwa yamejaa: sabuni za kila rangi, biskuti za ng'ambo, redio za kubeba begani. Kilichokosekana ni mafuta ya taa. Jiko langu la Mchina lilikaa na tambi kavu wiki nzima. Nikasema si neno, nitanunua mkaa. Mkaa nao hakuna, kwa kuwa malori ya kuuleta hayakupata dizeli. Kumbe hata mkaa unakunywa mafuta! Na Ijumaa mjukuu wangu Zuhura alikuwa anaolewa. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Wazo, kule kwenye kiwanda cha saruji, nami nilikwishawaahidi kwa kinywa changu kwamba chai yao itateremshwa na vitumbua vya bibi.

"Bibi," Zuhura akaniambia machozi yakimlenga, "wakikuta chai tupu, mawifi watanisimanga mpaka nizeeke."

Shemeji Shomari, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa akiuza nazi kwa baiskeli mji mzima. Ndiye aliyeleta habari.

"Shemeji, Mwenge kwa wachonga vinyago kuna mama anakaanga samaki kwa pumba za mbao. Hana mafuta, hana mkaa."

"Pumba unazisema wewe," nikamjibu.

"Basi panda ukaone."

Jumanne, jua lilipochomoza, nilipanda. Baiskeli ile jina lake Sikujua, ameliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Nilikaa upande kwenye keria, mkono mmoja nimeshika shati la shemeji, mwingine nimeshika kanga isiniache uchi mbele ya Waislamu. Magari yalikuwa machache barabarani kwa uhaba ule wa mafuta, basi watu walikuwa na nafasi ya kututazama vizuri.

Mtoni tulipigiwa vigelegele. Aliyeanza ni Tatu binti Kondo, muuza mihogo, namfahamu tangu tunatoga masikio.

"Jamani bibi harusi huyooo! Lini?"

"Ijumaa!" nikapiga kelele. "Karibu sana!"

Shemeji Shomari alicheka nusura atuangushe mtaroni. Chang'ombe watoto walitukimbilia nyuma wakiimba nyimbo za harusi. Magomeni mwenye kibanda cha chai, Hamisi wa Bakari, alitupa maji ya kunywa akakataa malipo, akasema ni zawadi ya maharusi. Mie miaka tisa ya ujane sikuwahi kucheka namna ile. Kila tuta lilinipiga makalio, na kila pigo nikazidi kucheka.

Adhuhuri tuliingia Mwenge. Yule mama wa samaki, Mama Anastazia, mwenyeji wa Newala, alitupokea kwa ndizi na maji. Mumewe, Mzee Kalembo, alikuwa pembeni akikwangua kinyago cha mpingo, watu wamepandana mabegani, hujui mguu ni wa nani.

"Umetoka Mbagala kuona moto?" Mama Anastazia aliuliza. "Basi kaa hapa."

Alichukua debe lenye tundu ubavuni, chini kabisa. Akapitisha kijiti kinene kwenye tundu lile mpaka katikati, akausimamisha mchi wa kinu juu ya kijiti, kisha akamimina pumba kuuzunguka mchi, kidogo kidogo, akishindilia kwa ngumi. Debe lilipojaa aliuzungusha mchi taratibu, akauchomoa, akachomoa na kijiti. Pakabaki njia ya moto, kutoka ubavuni hadi juu. Akatia karatasi inayowaka pale chini. Haikupita muda, ulimi wa moto ukachungulia juu, mwekundu, bila moshi wa kumtoa mtu machozi. Akaweka vijiwe vitatu ukingoni mwa debe, akatua karai.

"Litawaka hivyo mpaka alasiri," akasema. "Ila usilichochee."

Akaenda kuleta samaki. Na mie nikabaki na moto ule.

Sasa nyie mnaosoma mnanijua. Tangu nina miaka saba nimo jikoni. Moto wa kuni ukiuacha unazima, kwa hiyo mkono wangu hauulizi ruhusa. Niliona ulimi umepungua kidogo, nikaokota kijiti, nikachokoa. Puu! Ukuta wote wa pumba ukaporomoka, majivu yakaniruka usoni, karai likalala upande.

"Nani kachochea?" Mama Anastazia aliuliza kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimeshika kijiti, uso mweupe kama niliyepakwa unga wa mhogo.

Mzee Kalembo hakuinua hata kichwa. "Tumevamiwa na mchochezi," akasema. "Vimekuja vyama vingi, sasa wachochezi wanatembea kwa baiskeli."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Anastazia naye alicheka, lakini hakuniachia. Alinishindilisha debe lile upya kwa mkono wangu mwenyewe. Mara ya kwanza mchi ukatoka na nusu ya ukuta. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ukatoka msafi, na ukuta ukasimama. Akanijazia gunia la pumba.

"Nenda kaoze mjukuu, mchochezi," akaniaga.

Alasiri tulianza kurudi. Keria moja, na tulikuwa mie na gunia. Nikakaa juu ya gunia, kiti laini kama cha waziri. Kinondoni nilikuwa juu kumpita shemeji, naona mbele kabisa. Magomeni tulikuwa sawasawa. Chang'ombe nikaona mgongo wake tu. Nikasema labda nimechoka nimejikunja. Tulipoteremka darajani Mtoni makalio yangu yaligusa chuma.

"Shemeji, simama!"

Gunia lilikuwa na tundu. Tumemwaga pumba toka Mwenge mpaka Mtoni kama watu wanaopanda mahindi. Hapo sikucheka. Nilifika nyumbani na gunia tupu, Zuhura akalitazama, akaingia ndani.

Jumatano asubuhi nilikuwa naanika kanga, roho nzito. Msumeno ukalia nyuma ya nyumba, na vumbi la mbao likaja na upepo likatua juu ya kanga zangu, kama kawaida yake. Nikafungua kinywa nimtukane fundi Seif, kama kawaida yangu. Kinywa kikabaki wazi.

Fundi Seif, seremala, nilikuwa nimemshtaki mara mbili kwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu ya vumbi lile kwenye dagaa zangu. Nilipotokea karakanani kwake aliuweka msumeno chini.

"Shikamoo bibi. Nimekosa nini tena?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuomba zile pumba zako."

"Zile takataka?"

"Nani kaziita takataka?"

"Wewe bibi. Mbele ya balozi."

"Balozi alisikia vibaya."

Akakaa juu ya ubao, akashika mbavu. "Yaani bibi umekwenda mpaka Mwenge, kwa baiskeli, kufuata pumba?"

"Nilifuata elimu," nikamwambia.

Alinipa magunia matatu, na madebe mawili akanitobolea yeye mwenyewe.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, niliwasha. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kusaidia, na kila mmoja alikuja na kijiti mkononi. Nilikaa katikati ya madebe na mwiko wangu. "Anayechochea hali kitumbua!" Vitumbua vikaumuka, vikageuka rangi, beseni moja, la pili, la tatu. Wakwe wa Wazo walipofika walikula mpaka mawifi wakaomba vya kufunga kwenye kanga. Zuhura alinitazama kutoka mlangoni, hina mpaka kwenye viwiko, akacheka na meno yote.

Mara nikasikia hodi. Tatu binti Kondo, amevaa doti mpya, kuku kwapani.

"Nimeitika mwaliko," akasema, akinikagua toka juu mpaka chini. "Bibi harusi mbona unakaanga?"

Shemeji Shomari alitoka mbio kupitia uani. Tatu alicheka, akala, akaondoka na debe la kwenda kufundishia wenzake Mtoni.

Basi nilichojifunza ni hiki: miaka yote ile nilikuwa nafukuza moto wangu kwa matusi. Siku hizi nikianika kanga zikakauka bila vumbi, napiga kelele juu ya ua:

"Seif, mwanangu! Unaumwa? Mbona leo hufanyi kazi?"