Hesabu ya Kivuli

Pale gatini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Kivuli, na jina hilo alilipata kwa sababu ya chaki. Mtu akimletea mashua ya matanga amtilie umeme, alifunga betri, paneli za jua na nyaya zote kwa unadhifu, kisha alikataa kutia sahihi mpaka apelekwe baharini kutwa nzima, tanga likiwa juu. Huko aliketi sitahani na kipande cha chaki, na kila saa alichora mstari pale ukingo wa kivuli cha tanga ulipofika. Watani walisema kuwa siku akifa atataka kwanza jeneza lipimwe likiwa linatembea.

Hakucheka, wala hakukasirika. Miaka kumi na minane nyuma aliupima umeme wa mashua ya mdogo wake ikiwa imefungwa gatini, tanga limekunjwa, jua la saa sita likipiga paneli bila kizuizi. Mita ilisoma vizuri, akatia sahihi. Baharini tanga lilipandishwa, likazifunika paneli karibu kutwa, na usukani wa umeme, ule unaoshika njia wenyewe, ukaendelea kunywa betri usiku na mchana. Siku ya sita taa zilizimika na redio ikanyamaza. Meli ya mizigo haikuiona mashua gizani, ikaigonga. Baharia mmoja aliokolewa, na ndiye aliyesimulia. Mdogo wake hakuonekana tena.

Fundi alikuwa na binti mmoja, mshona matanga katika karakana ya jirani. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili binti huyu aliishi kwa sindano za insulini, dawa ambayo joto huiharibu. Kwa hiyo alipokuja na mumewe, nahodha, kusema kuwa wamepata kazi ng'ambo na watavuka kwa mashua yao wenyewe, siku ishirini na moja bila kuona nchi kavu, baba hakuuliza habari za mawimbi. Aliuliza habari za jokofu.

Mkwe alijibu kwa fahari kwamba paneli mbili juu ya paa la chumba zinatosha, na kwamba amezipima mwenyewe. Fundi akauliza amezipimia wapi. Mkwe akakiri kwamba ni hapo hapo gatini, tanga likiwa limekunjwa.

Jumamosi wakatoka watatu. Binti alishika kamba, mkwe usukani, baba chaki. Upepo ulikuwa mzuri, na tanga jipya, kubwa, ambalo binti alikuwa amelishona kwa miezi miwili, lilijaa, na kivuli chake kikalala juu ya paneli kama shuka. Fundi alimwonyesha mkwe kwamba kivuli cha upana wa kiganja, kwenye kona moja tu, kinatosha kuilegeza paneli nzima. Alasiri, mistari ya chaki ikiwa imeenea sitahani, alipiga hesabu kwenye ubao. Kwa siku moja, usukani, jokofu, taa na redio vingetumia vipimo mia moja na ishirini vya umeme. Paneli zingeleta sabini. Kwa upungufu huo betri isingefika siku ya nne. Injini ingeweza kuchaji, lakini dizeli iliyopo ilitosha siku chache tu.

Mkwe alikuwa ameijenga mashua ile kwa miaka minne. Alizungumza kwa heshima, ingawa uchungu ulisikika.

"Mzee, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Kweli, niliumwa," fundi akasema. "Lakini namba hazina mkwe wala mjomba. Soma mita mwenyewe."

Akaisoma. Kisha akageuza mashua kurudi gatini.

Wiki iliyofuata fundi alishusha kutoka darini dinamo aliyoiunda baada ya msiba, ambayo hakuwahi kumpa mtu. Ilifungwa nyuma ya mashua, na kamba ya mita ishirini iliburuta pangaboi majini. Mashua ikienda, pangaboi lilizunguka, kamba ikazunguka nalo, na dinamo ikatoa umeme, jua liwepo lisiwepo. Mkwe alinung'unika kwamba itawapunguzia mwendo na safari itazidi siku mbili. Binti ndiye aliyemjibu.

"Tanga likichanika nitalishona. Dawa ikiharibika nitaishona kwa uzi gani?"

Fundi aliwawekea mapangaboi mawili ya akiba, maana samaki wakubwa huyameza. Kisha akabandika kadi juu ya swichi: betri ikishuka chini ya volti kumi na mbili, cha kwanza kuzimwa ni redio, cha pili taa za ndani, cha tatu usukani, washike kwa mikono. Jokofu halikuandikwa kabisa.

"Baba, tukiizima redio hutanisikia," binti akasema.

"Najua. Izimeni. Mimi nitavumilia."

Walipoondoka, kila siku saa nne asubuhi karani wa gati alipokea namba moja tu kwa redio, volti za betri, na fundi aliiandika kwa chaki ukutani mwa karakana. Kumi na mbili nukta saba. Nukta sita. Nukta saba tena. Siku ya tisa haikuja namba.

Siku ya kumi pia haikuja. Watani walipita karakanani wakisalimia kwa sauti ya chini. Fundi aliketi juu ya kreti la betri akikunja kamba, akiikunjua, akiikunja tena. Karani alimletea chai, ikapoa. Fundi alimwambia neno moja tu, kwamba kama wamefuata kadi, ukimya huu ndio alioutaka mwenyewe. Lakini karani alijua kwamba hata redio ya mdogo wake fundi ilinyamaza hivihivi.

Siku ya kumi na moja, saa nne na dakika tatu, sauti ya binti ilitoka ikikwaruza. Samaki alikuwa amemeza pangaboi, na bahari ilichafuka hata hawakuweza kuinama nyuma ya mashua kufunga jingine. Walizima vyote vilivyoandikwa kwenye kadi, wakapokezana usukani kwa mikono. Alfajiri bahari ilitulia, wakafunga pangaboi la akiba.

"Kumi na mbili nukta mbili, baba. Dawa ni baridi."

Fundi aliomba airudie namba. Airudie tena. Kisha akaenda ukutani akaiandika.

Walifika siku ya ishirini na tatu. Baadaye binti alituma namba za zile siku mbili za ukimya, kutoka kwenye daftari lake la safari, na karani akazipeleka karakanani. Fundi alizisoma, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Nafasi mbili ukutani aliziacha tupu.

"Siku hizo mbili sikumsikia," alisema, akachukua chaki. Mashua nyingine ilikuwa ikimsubiri.