Matango ya Jirani

Juzi sokoni Bomang'ombe muuza mboga, kijana mwenye heshima zake, aliniamkia vizuri, akanichagulia tango refu, laini, akaniwekea mkononi. Nikamwambia alionje kwanza. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akaniambia matango ya siku hizi hayana uchungu, mbegu zake ni za kisasa. Hapo ndipo shaka iliponizidi. Tango lisilo na uchungu hata kidogo limefanywa nini? Nikalirudisha, nikaondoka zangu. Usinicheke, rafiki yangu. Mimi nimelelewa na bibi.

Kwetu ni mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba. Matango tulilima chini, kwenye shamba la mahindi, kule kwenye joto. Yalikuwa mafupi, manene, yenye miiba midogo kwenye ganda. Bibi alikata kichwa cha tango, akakisugua pale pale kilipokatwa mpaka povu jeupe litoke, akisema uchungu unatoka nalo. Ndipo akamenya, akakata vipande, akatia chumvi na ndimu, tukala na ndizi za kuchoma. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba tango ni tunda, ndugu yake boga na tikiti, kwamba karibu lote ni maji, tena tulile na ganda lake maana lina faida mwilini. Nilipompelekea bibi habari hizo aliguna. Tunda gani linatiwa chumvi? Na maji si yapo mferejini, bure? Tangu siku hiyo alimtazama mwalimu kwa jicho la pembeni hata kanisani.

Hakumwamini mtu kirahisi. Kwetu anayekupa chakula huonja yeye kwanza. Hata mbege, pombe yetu ya ndizi, mwenye nyumba hupiga funda mbele yako ndipo akupe kata. Ni adabu, na ni kukutoa wasiwasi. Sasa akaja jirani mpya, mama wa mkoa wa mbali, mumewe akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini. Hakuwa na mtoto wala ndugu karibu, na alitaka sana tuzoeane. Siku ya kwanza alikuja na kikapu cha matango, ameyaosha yakang'aa. Akampa bibi shikamoo, akakiweka kikapu chini, akaaga. Hakuonja hata moja.

Bibi alikizunguka kile kikapu kama kuna nyoka ndani. Kwa nini ameyaosha hivyo? Mbona hakukaa? Akampa ng'ombe tango moja, tukasimama zizini kumtazama. Ng'ombe akala, akataka jingine. Bibi akasema ng'ombe ana tumbo lake, huo si ushahidi, na yaliyobaki yakafukiwa kwenye mbolea. Habari zikazunguka vihamba vyote, na tangu hapo hakuna aliyekula cha yule mama. Akileta maandazi, watu wanayapokea kwa mikono miwili, kisha yanaishia kwa mbwa. Sisi watoto tulikatazwa hata maji yake. Nilimwonea huruma, lakini pia nilimwogopa.

Mwishowe mama yangu alishindwa kuvumilia. Alipokutana na jirani mferejini akamweleza kosa lake. Jioni ile ile jirani akaja na kikapu kingine. Akapiga magoti mbele ya bibi, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa, akachukua tango, akaling'ata kwenye kikonyo, akatafuna, akameza, akachukua jingine. Machozi yanamtoka. Alipoyang'ata yote ndipo akasema, "Mama, kama yana sumu, nitatangulia mimi."

Akaenda zake. Bibi akakata vipande, akasitasita, akaonja, akatugawia. La kwanza zuri. La pili zuri. La tatu nililitema, chungu kama kwinini. Bibi akaligeuza, akaitazama alama ya meno. Uchungu wa tango hukaa zaidi kikonyoni, na yule mama alikuwa ameumeza uchungu huo bila kukunja uso, maana angekunja tu, basi amekwisha. Bibi alilila lote, peke yake. Asubuhi alipika mtori wa ndizi na nyama, akaupeleka mwenyewe, akaonja kijiko cha kwanza mlangoni kwa jirani.

Miaka ikapita, bibi akazeeka, akili ikaanza kumtoka. Wasiwasi wake ndio uliobaki. Alikataa uji wa mama yangu, mkwewe aliyempikia miaka yote. Mimi mjukuu wake alinisukuma mkono. Jirani akaitwa. Akaketi kitandani, akachota uji, akaanza kuupeleka mdomoni kwake mwenyewe, kama desturi. Bibi akamshika mkono.

"Acha kuonja," alisema. "Nipe."

Bibi hayupo sasa. Jirani alirudi kwao mumewe alipostaafu, na kwenye kihamba chetu zimesimama nyumba za kupangisha. Mimi naishi mjini, mtaa wa Majengo, ua mmoja na wapangaji wenzangu. Tunasalimiana vizuri, na siku za sikukuu tunapelekeana pilau. Kila sahani inayoingia kwangu naitazama kwanza, naisubiri, sijui nasubiri nini. Nimewapitia mmoja mmoja watu wote ninaowajua, nikimtafuta ambaye ningeweza kumwambia neno lile la bibi. Sijampata.