Jezi Kavu

Alkhamisi ile mjukuu wangu alirudi kutoka mpirani, akakaa juu ya kizingiti cha mlango wa uani, akatupa mfuko wake chini, akasema, "Nshachoka, Bibi."

Mimi nilikuwa nnakuna nazi. Mkono ukasimama wenyewe.

Kuchoka nnakujua. Nimezaliwa Jambiani, na kabla sijaja mjini nimelima mwani miaka mingi, maji kiunoni, jua utosini, kamba zinakata vidole. Mtu aliyechoka nnamjua kwa harufu kabla hajafungua mdomo. Huyu kijana alikaa pale na jezi ya timu ya chuo chao, kavu, mikunjo ya pasi bado imesimama mikononi. Alitoka nyumbani ananukia sabuni, kacheza mpira mpaka kipenga cha mwisho, na karudi ananukia sabuni.

"Mmefanya nini huko?"

"Tumefungwa."

"Tena?"

"Tena."

Alilisema hilo kama mtu anayekwambia maji ya bomba yamekatika. Akavua njumu zake, nazo kavu, akaingia ndani kulala na wakati wa Alasiri bado haujatoka.

Nieleze kwa nini neno lile lilinitia baridi, maana asiyejua atasema bibi huyu kapungukiwa na akili, kijana kasema kachoka, basi.

Baba yake, mwanangu wa kumzaa, naye alikuwa mchezaji. Alikuwa na timu ya mtaani hapahapa Jang'ombe, akicheza pembeni kushoto, na mbio zake watu walikuwa wakikaa barazani kuzihadithia. Unga, huu wa kulevya, haukunigongea mlango ukasema mimi ndiye unga. Haukuanza kwa wizi wala kwa macho mekundu. Ulianza uwanjani. Siku moja watu wakaniambia, mwanao leo kasimama tu, mkono kiunoni, mpira unampita anautazama. Mechi iliyofuata, vilevile. Akirudi anakaa kizingiti hichohicho, jezi kavu, ananiambia, "Nshachoka, mama." Sote tukasema uvivu. Mpaka vijiko vilipoanza kupotea jikoni ndipo tukajua, na nilipoviona tena vilikuwa vimeungua chini kwa kuchemshiwa unga, vyeusi kama sufuria ya kuni. Mwisho wake alilala juu ya baraza ya jirani. Asubuhi watu wanapita wanamsalimu, wanafikiri kapitiwa na usingizi, mpaka jua likamfika usoni na hakugeuka.

Mtoto alimwacha anatambaa. Mama wa mtoto akaolewa pengine, mtoto akabaki kwangu. Ndiye huyu.

Basi tangu Alkhamisi ile nikaanza kutazama. Sikumwambia kitu. Nguo zake nilikuwa nimeshamwachia afue mwenyewe, nikazichukua tena. Akasema, "Bibi, acha, ntafua." Nikamwambia, "Wewe umechoka, umesema mwenyewe." Nikawa nnapindua mifuko, nnatafuta vile vikaratasi wanavyofungia unga, vidogo, vinakunjwa kama dawa ya mtoto. Nikapata tiketi ya gari na ganda la bazoka, ile ya kutafuna. Nikanusa kwapa za jezi. Sabuni.

Kisha kijiko kikapotea. Kijiko cha chai, cha seti yangu yenye maua mpinini. Nilipekua jiko zima, nikatoa hata mkaa guniani. Kijiko nikakikuta ndani ya mfuko wake wa chuo, kwenye kopo alilobebea wali. Nikakigeuza nikatazama chini. Cheupe, kinang'aa. Mwengine angetulia. Mimi nikasema, kakisugua huyu.

Jirani yangu, ambaye tunakaa ukuta kwa ukuta, akaniuliza mbona nakonda. Nikamwambia mpira. Akacheka. "Wewe na mpira wapi na wapi?"

"Timu ya mjukuu wangu inafungwa."

"Na wanangu wananambia. Ati wanatembea uwanjani kama wako Forodhani wanapunga upepo. Kila mtu anawajua."

Hilo la kila mtu kuwajua lilinichoma, lakini kubwa zaidi lilikuwa lile la kutembea. Chuo ninachokijua mimi ni cha Kurani, na pale ukilegea ulikuwa unaonjeshwa bakora. Sikuelewa chuo ambacho kijana anaruhusiwa kusimama.

Jumatatu yake nikavaa buibui langu, nikafunga mlango, nikenda. Uwanja ule uko upande wa Kiembe Samaki, ndege zinashuka unaweza kuhesabu matairi yake. Maisha yangu yote sikuwahi kwenda kutazama mpira, hata wa mwanangu. Pembeni palikuwa na mama anakaanga mihogo, akanigeuzia kreti la soda nikalie.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba."

"Una wako humu?"

"Ninaye. Wale wenye jezi za kijani. Yule wa nyuma, kushoto."

"Yupi? Yule aliyesimama?"

"Mbona wote wamesimama."

Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Wallahi umesema kweli! Hawa mimi wananipa biashara, Bi mkubwa. Watu wanakuja kuwacheka, wakichoka kucheka wananunua mihogo."

Na kweli walikuwa wanachekwa. Vijana wamejipanga kwenye kamba, simu zimenyooshwa, wanarekodi, na kila mmoja ana lake.

"Waacheni, leo Jumatatu, wamefunga sunna!"

"Kufunga kwao saumu tu, magoli hawafungi!"

"Kocha! Wapelekee mito!"

Kocha mwenyewe alikuwa kaketi kwenye benchi, kainamia simu yake, kama kwamba timu ni ya jirani.

Ikapita ndege. Timu nzima ya kijani, kuanzia kipa, wakainua vichwa kuitazama. Ile nyengine haikuitazama ndege, ikapita na mpira katikati yao, ikafunga. Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Yule mama wa mihogo alijifunika uso na kanga.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nnamtazama mmoja tu. Mkono aliuweka kiunoni, palepale pa baba yake, na bega la kushoto limeshuka. Mpira ukija anatoa mguu kidogo, kama mtu anayejaribu maji kama yana moto. Akajikuna shingo. Halafu akajikuna mkono, polepole, amesinzia macho. Baba yake alikuwa akijikuna hivyohivyo. Nikawatazama na wenzake, nikasema, kumbe ni wote? Timu nzima? Nikashika kreti kwa mikono miwili nisianguke mbele za watu.

Kipenga cha mwisho kilipolia, wale wa kijani walitoka wakicheka, wanapigana mabega. Vijana hawa wamefungwa vibaya wanacheka. Nikasimama penye bomba la maji, nyuma ya madarasa, nikamwita.

"Naam!" akaitika kwa mazoea, ndipo akageuka. "Bibi? Umefikaje huku? Kuna msiba?"

"Bado. Nyoosha mikono."

"Bibi, watu wanatazama."

"Nyoosha."

Akanyoosha. Nikapandisha mikono ya jezi mpaka mabegani, nikamgeuza kwenye jua, nikapitisha kidole juu ya mishipa. Shingoni palikuwa na vipele vya mbu. Sikupata kitu.

"Vua njumu."

"Kwa nini?"

"Vua, na soksi."

Baba yake, mikono ilipokwisha nafasi ya sindano, alihamia miguuni, baina ya vidole. Mimi sikuwahi kumhadithia hilo, lakini mitaani watu wana midomo. Niliona uso wake unageuka. Mwanzo alikuwa na haya tu, ya kijana aliyefuatwa na bibi yake. Kisha akanitazama, akajua nnatafuta nini. Akakaa chini kwenye matope ya bomba, akavua, akatanua vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja.

"Tazama, Bibi. Tazama vizuri."

Nikainama. Magoti yangu yakalia.

"Mimi si Baba," akasema.

Niliona mchanga na lengelenge la kiatu, basi. Hata hivyo moyo haukutua, maana nnajua unga unavutwa pia, si sindano peke yake. Nikamuuliza, "Basi mbona hukimbii?"

Akanieleza, anachora matope kwa kidole. Mwanzo wa msimu walikuwa wanakimbia. Walikimbia mpaka wengine wakatapika, na wakafungwa. Kipa wao akalia, kijana mkubwa, alikaa golini akalia kwa uchungu. Mtu akamrekodi. Ile klipu ikazunguka simu za chuo kizima, wakamwekea na muziki, mpaka leo akipita darasani wanamwigizia kilio.

"Tangu hapo hatujapatana kwa maneno, Bibi, lakini sote tumeacha. Ukikimbia ukafungwa, umeshindwa. Usipokimbia, unasema hatukutaka. Tukicheka sisi wenyewe mwanzo, wao hawana la kutucheka."

"Leo hawakucheka?"

Akakifuta kwa kiganja alichokuwa akikichora.

"Nisikilize," nikamwambia. "Mimi mpira siujui. Fungweni mnavyotaka. Lakini wewe ukisimama pale na mkono kiunoni, mimi naona jeneza linatoka mlangoni kwangu mara ya pili. Umenielewa? Baba'ko naye alisimama palepale, na mimi nikasubiri akimbie tena, na hakukimbia. Mimi nguvu za kusubiri tena sina. Nnataka uniletee jezi iliyolowa. Mengine yote kaa nayo."

"Watanicheka."

"Nimesikia."

"Watanirekodi, Bibi."

"Wakurekodi. Vaa viatu twende."

Tulirudi nyumbani hatuzungumzi. Alikuwa kakasirika, na alikuwa na haki. Wiki ile nzima alinijibu naam na la, basi, na kila alipoingia chooni akachelewa nilikuwa nikijikuta nimesimama mlangoni natega sikio.

Mechi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, ya mwisho wa msimu. Sikwenda. Nilisema magoti, lakini kweli ni kwamba niliogopa kumkuta kasimama. Nilikaa uani nikachagua mchele ambao ulikuwa umeshachaguliwa. Alasiri ikapita. Kwa kawaida jua likifika juu ya paa la jirani anakuwa kashafika. Jua likashuka nyuma ya paa, hakuna mtu. Nikampigia simu, inaita haipokelewi. Jirani akanichungulia ukutani, "Bado?" Nikamwambia bado. Akasema huyu kijana labda kenda mahali kukaa na wenzake. Alisema ili anitulize. Mahali, kukaa, wenzake. Maneno yaleyale niliyokuwa nikiambiwa kwa baba yake.

Adhana ya Magharibi ilikuwa inakaribia kumalizika mlango uliposukumwa.

Aliingia anachechemea. Goti limechubuka, damu imegandamana na udongo mwekundu, njumu moja imefunuka mdomo. Nywele zimeshikana. Alikaa kizingitini, akaegemeza kichwa kwenye mwimo.

"Mbona hukupokea simu?"

"Sikuisikia, imo mfukoni. Nimekuja kwa miguu, Bibi, nauli nilimpa kipa. Yeye kaumia zaidi."

"Mmefanya nini?"

"Tumefungwa."

"Na wenzako?"

"Wamesimama." Akavuta pumzi. "Tumekimbia mimi na kipa tu. Watu walitucheka mpaka wakalala chini. Ati, nyie wawili mmemeza nini? Na kocha aliinua kichwa."

"Kisha?"

"Kisha akarudi kwenye simu."

Nilisubiri. Aliyafumba macho, akasema, "Nshachoka, Bibi."

Nikamwambia vua. Akavua jezi akanipa. Ilikuwa nzito mkononi. Niliileta puani palepale mbele yake, sikujificha, na ilinuka jasho, udongo, na kitu kama shaba ambacho ni damu. Ilinuka kama kanga zetu tulipokuwa tukitoka majini Jambiani. Yeye alikuwa ananitazama ninavyonusa. Akageuza uso upande, na sijui kama ni hasira au ni kicheko.

Alikoga, akasali, akapitiwa na usingizi juu ya mswala kabla sijapakua chakula. Nikaiweka jezi kwenye beseni. Nikaitoa tena. Nikapindua mfuko wa kaptura, nikapekua soksi, nikatia kidole ndani ya njumu iliyofunuka. Mchanga tu. Kisha nikenda nikasimama mlangoni kwake. Alikuwa kalala kwa ubavu, mdomo wazi, mkono mmoja umetupwa nje ya mswala, hivyohivyo baba yake alivyolala barazani watu wanamsalimu. Nikamwita kwa sauti ndogo. Hakuitika. Nikasogea, nikainama, nikabana pumzi yangu nisikie yake.

Kifua kikapanda. Nikangoja. Kikashuka. Kikapanda tena.

Nikarudi uani kufua.