Masikio ya Fundi Bluu

Kazini walimwita Fundi Bluu, na si kwa sababu ya nguo zake. Nyaya zote alizozitunza zilikuwa za bluu, na aliyezigusa bila ruhusa yake alikiona cha mtema kuni.

Kiwanda chao kilijaza mitungi ya gesi. Upande mmoja palikuwa na matangi matatu meupe na banda la kujazia. Upande wa pili, nyuma ya ukuta mnene, palikuwa na chumba cha makabati ya chuma, na humo ndimo umeme ulimopunguzwa nguvu kabla ya kuvuka ukuta kwenda kwenye geji, vali na vifaa vya kunusa gesi. Ulipunguzwa hadi ukawa mnyonge kabisa. Waya ukikatika, au nyaya mbili zikigusana, cheche itakayotoka haina ubavu wa kuwasha gesi. Kwa miaka ishirini na sita Fundi Bluu alihakikisha unyonge huo unabaki vilevile. Kazi ikifanyika sawasawa, hakuna kinachotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea, hakuna aliyewahi kumshukuru.

Nusu ya pili ya kazi yake ilikuwa kwenye lango la kuingilia upande wa matangi. Yeye ndiye aliyeandika ile orodha iliyobandikwa juu ya rafu ya visanduku: simu, saa, funguo za gari, chochote chenye betri kisichopimwa kwa ajili ya gesi, kinaachwa hapa. Siku moja alimrudisha mkurugenzi mwenyewe kwa sababu ya saa ya mkononi. Mkurugenzi alinuna wiki nzima. Fundi Bluu hata hakugundua.

Nyumbani aliishi peke yake. Mke wake alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na binti yao wa pekee aliolewa mbali. Binti alipiga simu kila Jumapili, na ndiye aliyegundua kwanza.

"Baba, nimekuuliza mara tatu umekula nini, na wewe unanijibu habari za mvua."

"Siku hizi watu mnamung'unya maneno," alisema.

Binti hakubishana. Alichukua likizo, akaja, akampeleka hospitali, na hakuondoka mpaka baba yake alipovaa mashine mbili za masikio, kila moja kubwa kama punje ya harage. Jioni ile, binti alipokwisha kupanda basi, mzee alikaa sebuleni akashangaa. Friji lilikuwa linanguruma. Ndara zake zilikuwa zinakwaruza sakafu kila aliposogeza miguu. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji, na Mungu ndiye ajuaye tangu lini. Kumbe nyumba ilikuwa inaongea siku zote, na yeye hakuwa akiijibu.

Jumatatu alifika langoni amezivaa zile mashine. Mlinzi, mtani wake wa miaka mingi, hakuona kitu. Angeweza kupita. Alisimama mbele ya orodha yake, akaisoma kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza, kisha akazivua, akazitazama mbele na nyuma akitafuta ile alama ndogo inayoonyesha kwamba kifaa kimepimwa kwa ajili ya gesi. Haikuwepo. Akaziweka kwenye kisanduku namba tisa.

"Nini hivyo?" mlinzi aliuliza kwa ishara ya mkono.

"Masikio yangu."

Mlinzi alicheka mpaka akashika meza. Fundi Bluu aliona kinywa kimefunguka na mabega yanatikisika. Kicheko chenyewe hakikumfika.

Fundi wa vali alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kutosha, aliyefanya naye kazi kwa miaka tisa. Alimwinamia sikioni. "Mzee, kitu kidogo hivyo! Nani atakiona?"

"Gesi itakiona," akajibu, akashika njia.

Basi ikawa hivyo kila siku. Wakati wa chai alikaa na wenzake kwenye benchi, akitazama midomo. Wakicheka, alicheka nyuma yao kidogo. Mwanzoni walirudia maneno kwa sauti kubwa, lakini nani atarudia utani mara tatu? Taratibu wakaanza kumwelezea yale ya lazima tu: njoo, bado, tayari. Naye taratibu akaanza kunywa chai yake amesimama kando.

Asubuhi moja mpira wa bomba ulichanika kwenye banda la kujazia. Vifaa vilinusa gesi, vali zikajifunga zenyewe, king'ora kikalia. Watu wote walitoka mbio hadi uwanja wa kukusanyikia, nje ya lango. Msimamizi akahesabu majina, mmoja akakosekana.

"Bluu yuko wapi?" fundi wa vali alipiga kelele.

Mlinzi alikuwa ameshika kisanduku namba tisa kifuani. "Masikio yake ninayo mimi," alisema, na safari hii hakucheka.

Mama yule alitaka kurudi ndani, msimamizi akamkamata mkono.

Fundi Bluu alikuwa nyuma ya tangi la pili, ameinama kwenye kisanduku cha nyaya, anakaza skrubu. Alipoinua macho, mshale wa geji mbele yake ulikuwa umelala kwenye sifuri. Akajua vali zimefungwa. Akajua pia maana yake. Hakukimbia. Alikwenda akiufuata upande unakotoka upepo, taratibu, hadi akatokea langoni. Watu thelathini walikuwa wanamtazama, midomo yote inakwenda kwa pamoja, wengine wakilia, na yeye hakusikia hata neno moja.

Kesho yake meneja alimwita ofisini. Huko aliruhusiwa kuvaa masikio yake.

"Ukiingia nazo, unavunja sheria yako mwenyewe," meneja alisema. "Ukiingia bila hizo, king'ora hukisikii. Tuweke taa za kumulika king'ora kikilia?"

"Nimeshazipigia hesabu. Nyuma ya matangi hazionekani."

"Sasa mzee wangu, nifanye nini?"

Fundi Bluu alitoa mfukoni kibali chake cha kuingilia, akakilaza mezani. "Niweke upande wa makabati. Huko nina masikio."

Alihamia nyuma ya ukuta. Fundi wa vali alifundishwa kazi ya nyaya, akawa anaingia ndani na redio ya mkononi iliyopimwa. "Namba kumi na nne, nagusa sasa," sauti yake ilisema. "Nakuona," alijibu Fundi Bluu, akiandika kipimo kilichoonekana kabatini. Mazungumzo yao yalikuwa ya namba. Kati ya namba na namba alisikia feni za makabati. Mlango ulikuwa wa kufuli, na hakuna mwenye sababu ya kuugonga. Kuna siku alizungumza maneno ishirini tu toka asubuhi hadi jioni.

Binti aliuliza Jumapili, "Mashine zinafanya kazi?"

"Zinafanya vizuri sana. Nasikia kila kitu."

"Mbona huna raha?"

"Nimechoka kidogo, mwanangu."

Jumanne moja mchana mlango uligongwa. Fundi wa vali aliingia na bakuli lake la chakula, akavuta kiti, akaanza kula. Mzee aliacha kuandika, akamtazama.

"Mbona unanitazama?"

"Nakusikiliza."

"Sijasema kitu."

"Najua. Kula tu."

Alikuja Jumanne hiyo na Jumanne kadhaa zilizofuata, kisha wakambadilishia zamu. Fundi Bluu alibaki na makabati yake miaka miwili zaidi, mpaka alipostaafu. Adhuhuri, akifungua chakula chake, bado alikisogeza kile kiti cha pili mbele ya meza.