Senti Kwenye Madigadi

Miaka ile vipuri vilipokuwa adimu, fundi baiskeli wa soko la Bariadi alifungia madigadi kwa senti za mkoloni badala ya washa, zile zenye tundu katikati. Siku hizi maduka yamejaa vipuri, naye anazifungua senti zake na kuzikusanya, moja ya kila mwaka uliochapwa juu yake. Hatulii, kila baiskeli ikipita anainuka na spana. Jana aliona senti ya mwaka alioukosa kwenye baiskeli ya Kabula, aliyekuwa akimleta mama yake mgonjwa kutoka Migato. Akaisimamisha, akaanza kufungua nati.

“Baba, acha kwanza. Mama hapumui vizuri.”

“Nusu dakika tu, mwanangu.”

Nati ikadondoka, madigadi ikalala juu ya tairi, gurudumu likagoma Kabula alipojaribu kuondoka. Mgonjwa akateleza kwenye keria. Fundi akaitupa senti vumbini, akambeba yule mama mgongoni, akakimbilia hospitali huku akipiga kelele watu wampishe.